Darasa la saa mbili: kisa cha mwanafunzi wa Githurai na safari ya mjini

Jumanne moja katikati ya Februari 2024, mpwa wangu aliingia nyumbani saa tano asubuhi, saa ambayo alipaswa kuwa chuoni. Alivua viatu mlangoni, vimejaa vumbi, akaketi na begi likiwa bado mgongoni.

"Anti, leo nimefika saa mbili na dakika thelathini na tano. Majina yameshaitwa. Hii ni ya nne."

"Ulitoka hapa saa ngapi?"

"Si uliniona? Saa kumi na mbili na nusu."

Nilimwona kweli, nilikuwa jikoni nachuja chai. Saa mbili na dakika tano, kwa safari ambayo Jumapili asubuhi tukienda kanisani mjini hatumalizi nusu saa. Jioni tulimpigia simu baba yake, kakangu, aliyeko Murang'a. Alikuwa na jibu moja tu: "Dada, kama ni nauli niambie, nitume." Nikaona kwamba hatuzungumzii jambo moja. Nauli binti alikuwa nayo.

Kazi yangu ni kuweka vitabu vya hesabu vya wenye maduka. Mtu wa vitabu akiambiwa "nachelewa kila siku" huuliza: siku ngapi, kwa dakika ngapi, na dakika hizo zimepotelea wapi? Tukanunua daftari la kurasa 96 pale kwa Mama Duka, tukaanza. Ninayoyaandika hapa ndiyo yaliyotoka katika daftari hilo kwa muhula mmoja.

Tunaishi Githurai 45. Kwa asiyejua, namba hiyo ilitoka kwenye basi. Gari namba 44 lilihudumia upande mmoja wa Thika Road na namba 45 upande wa pili, na watu wakaita makao yao kwa namba ya gari lililowafikisha. Ukivuka barabara umevuka kaunti: 44 iko Nairobi, 45 iko Kiambu. Chuo cha binti kiko upande wa juu wa mji, ng'ambo ya bustani ya Jeevanjee. Alikuwa na somo moja gumu, Jumanne na Alhamisi saa mbili asubuhi. Jumatatu na Ijumaa alianza saa nne, na Jumatano alikuwa na kipindi cha mchana kilichoishia saa moja jioni. Idara yao haimruhusu mtu kukalia mtihani akiwa amekosa zaidi ya robo ya vipindi. Vipindi vya lile somo ni 28 kwa muhula. Robo yake ni saba. Alikuwa ameshapoteza vinne, na mvua za masika zilikuwa hazijaanza.

Jambo la kwanza lililotusaidia lilikuwa ndani ya simu yake. Siku hizi konda wengi hupokea nauli kwa M-Pesa, na kila malipo huacha ujumbe wenye saa na dakika. Nikamwambia afungue jumbe za wiki tatu zilizopita. Konda wa Thika Road hakusanyi pesa gari likiwa limesimama steji. Huanza likishashika barabara, na mara nyingi anakuwa amemaliza kabla ya Garden City. Kwa hiyo ujumbe wa M-Pesa ulituonyesha takriban dakika ambayo gari lilikuwa Roysambu. Tukaweka saa ya kutoka nyumbani upande mmoja, saa ya malipo katikati na saa ya kuingia darasani upande wa pili. Sikutegemea kilichoonekana.

Barabara yenyewe haikuwa na hatia kubwa. Thika Road ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012 ilikuwa fahari ya nchi, kilomita 50 hivi kutoka mjini hadi Thika, na hata leo kipande cha Githurai hadi Muthaiga hupitika asubuhi kwa kiasi. Dakika zilikuwa zinafia mwanzoni na mwishoni. Mwanzoni, ni kati ya kupanda gari na gari kuondoka: mara dakika tano, mara ishirini na nane. Mwishoni, ni kutoka Pangani hadi mjini: mara dakika kumi, mara hamsini. Siku mbili zenye saa ileile ya kutoka nyumbani zilipishana kwa zaidi ya saa nzima darasani. Mtu anaweza kupanga maisha yake juu ya safari ya saa mbili, ilimradi iwe saa mbili kila siku. Safari ambayo leo ni dakika 50 na kesho ni dakika 125 haipangiki. Huyo binti alikuwa anacheza kamari kila Jumanne na kila Alhamisi.

Hebu nieleze kwa nini steji iko hivyo, maana watu huilaumu kama vile ni ukaidi wa makanga. Matatu haina ratiba, ina tageti. Mwenye gari anataka kiasi fulani jioni, dereva na konda wanaishi kwa kinachobaki, na petroli ndiyo hiyo iliyovuka shilingi 200 kwa lita Septemba 2023, miezi miwili baada ya ushuru wa mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Gari likiondoka na viti vinne vitupu, hivyo vinne ni hasara yao, si ya mwenye gari. Kwa hiyo litaondoka likijaa, na utakaa ndani unasikiliza injini ikinguruma kana kwamba safari ni sasa hivi.

Kuna ujanja ambao binti hakuujua, ingawa ana miaka miwili hapa. Ukiona gari limebakiza nafasi mbili, unakimbilia. Unaingia, unakaa, halafu jamaa wawili waliokuwa dirishani wanainuka, wanateremka, wanakwenda kukaa katika gari la nyuma. Hao si abiria. Ni vijana wa steji waliowekwa viti vipate kuonekana vimejaa. Unahesabu upya: nafasi si mbili tena, ni nane. Nilimpeleka steji asubuhi moja nikamwonyesha kwa kidole kisichoonekana sana. Angalia mikono, nikamwambia. Mwanafunzi ana begi, mama ana kikapu, mfanyakazi ana mkebe wa chakula. Mtu asiye na chochote mkononi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hata hatazami simu, huyo ni pambo la gari.

Alicheka mpaka konda akatugeukia. "Mathe, mnapanda ama mnatuangalia tu?"

Hilo peke yake lilipunguza kusubiri kwake kwa dakika kadhaa. Kisha tukageukia upande wa Pangani.

Njia zote za Thika Road hukusanyika hapo kabla ya kugawanyika, nyingine ikielekea Museum Hill, nyingine ikishuka Murang'a Road hadi Globe, nyingine ikipitia Ngara. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia vya Marekani walitoa ramani ya matatu zote za jiji. Wanafunzi walipanda magari wakiwa na simu zinazorekodi njia na vituo. Ukiitazama unaona kilichomchelewesha mpwa wangu bila kuambiwa: karibu kila mstari unakimbilia katikati ya mji, kama mito inayoingia katika bwawa moja dogo. Mwenzake darasani anayeishi Kikuyu, ambaye hana hata siku moja aliyokanyaga Thika Road, anakwama katika msongamano uleule kutoka upande wa pili. Anayefaidi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, KU, anayetoka mjini kwenda Kahawa asubuhi: barabara nyeupe, na konda anamwita kwa upole kama shemeji. Jambo dogo, lakini ningekuwa na mtoto anayechagua chuo leo ningemwambia aangalie pia upande ambao watu wanaelekea asubuhi.

Suluhisho la Pangani lilikuwa la miguu. Tulimwambia ateremke Ngara. Nauli ni ileile, maana konda hakupunguzii kwa kushuka mapema, na inauma kulipia safari nzima ukaimalizia kwa miguu. Lakini kutoka Ngara kushuka Globe, kuvuka mto, kupandisha Kijabe Street hadi chuoni kulimchukua robo saa na kidogo, na robo saa hiyo haikubadilika hata siku moja. Alikuwa akipita kando ya gari alilolishuka na kuliacha palepale, abiria wakiwa wamelaza vichwa vioo­ni. Siku ya kwanza alinipigia simu akihema: "Anti, nimeliacha gari letu hapo Globe! Limesimama!" Utafikiri ameshinda mbio za nyika.

Miguu ina gharama zake. Waenda kwa miguu ndio wanaoongoza kwa vifo vya barabarani nchini mwaka baada ya mwaka, na pale Globe magari hutoka pande ambazo hukuzitarajia. Begi linabebwa kifuani. Simu haitolewi mpaka lango la chuo. Akikuta watu wamejazana mahali bila sababu, anapita mbali. Haya anayajua kila msichana wa Nairobi, lakini niliyaandika katika daftari, chini ya neno "gharama", kwa sababu yakikosa kuandikwa mtu hudhani kutembea ni bure.

Kwa njia hii ya Ngara alifika kwa wakati mara tano kati ya sita. Ile ya sita kulikuwa na lori limelala Muthaiga. Akabakiwa na nafasi mbili za kukosa, na Machi ilikuwa inaingia.

Hapo tukazungumzia treni.

Mimi mwenyewe nimeishi Githurai miaka kumi na sita na treni nilikuwa naijua kama kitu kinachowasumbua wauza nyanya. Reli inapita katikati ya soko. Akina mama wameweka vitunguu na sukuma karibu kabisa na chuma, na honi ikisikika wanavuta magunia, wanainua miavuli, treni inapita shibiri chache na pua zao, halafu kila kitu kinarudi mahali pake kama maji. Ni njia ya zamani, ile iendayo Thika na Nanyuki. Nairobi yenyewe ilizaliwa na reli mwaka 1899, kisha jiji likaigeuzia mgongo kwa miongo mingi. Mpaka Novemba 2012, mwezi uleule wa Thika Road, kituo cha Syokimau kilipofunguliwa ndipo watu wakaanza tena kusema treni kama kitu cha kwenda nacho kazini. Sasa kuna magari ya reli ya Syokimau, Embakasi, Kikuyu na hii yetu inayotoka Ruiru ikipitia Kahawa, Githurai, Mwiki, Dandora na Makadara hadi stesheni kuu.

Ubaya wake unaonekana mara moja. Inazunguka, ukitazama ramani unajiuliza kwa nini mtu wa Githurai aamkie Dandora ndipo aende mjini. Ni chache, ikikupita, imekwenda. Inabidi kutoka nyumbani kungali na giza. Tena inakushusha Haile Selassie Avenue, upande wa chini kabisa, na chuo chake kiko upande wa juu, kwa hiyo ana dakika 25 za kupanda Moi Avenue, apite Ambassadeur, apite Archives, mpaka Jeevanjee. Ukijumlisha, siku nzuri ya matatu inaishinda treni kwa nusu saa.

Lakini hatukuwa tunatafuta siku nzuri. Tulikuwa tunatafuta siku mbaya iliyo bora. Mpwa wangu alipanda treni mara sita mfululizo, Jumanne na Alhamisi, na nikachora mstari chini ya saa alizofika darasani. Ya mapema na ya mwisho zilipishana kwa dakika kumi na moja. Matatu zilipishana kwa sabini na tano. Hata baba yake alielewa nilipomsomea hizo namba kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe si nauli."

Nauli, kwa kweli, ilishuka. Ya treni ilikuwa chini ya ile ya matatu ya asubuhi, na haibadiliki mawingu yakitanda. Tiketi ni tiketi. Ndani hakuna starehe. Watu husimama wamebanana, na kijana mmoja aliwahi kusimamia kisigino cha mpwa wangu kutoka Mwiki hadi Makadara bila kujua. Ila binti alisema kitu nilichokipenda: kwamba ndani ya treni hakuna anayemkasirikia mwingine kwa kuchelewa, maana wote wanajua itafika.

Kabla ya kufika kwenye treni tulikuwa tumepima njia nyingine, na nizitaje, ingawa baadhi hazihitaji maneno mengi.

Bodaboda hadi mjini nilikataa. Kutoka nyumbani hadi steji, sawa, alfajiri ni salama kuliko kutembea gizani, na tulimpata jirani anayeaminika. Kwenye Thika Road, kati ya malori na mabasi, hapana. Gari la kuitwa kwa simu alilitumia mara moja, siku ya CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, akichangiana na wenzake watatu wa Zimmerman. Bei ya asubuhi ilikuwa juu, na sehemu yake peke yake ilikula nauli ya siku tatu. Basi la chuo halipo. Vipo vyuo vyenye mabasi, chake si mojawapo. Na ile njia maalumu ya mabasi ya mwendo wa haraka, iliyopewa jina la Simba kama ndugu zake walivyopewa Ndovu, Chui, Kifaru na Nyati, ilikuwa imeacha vituo na alama kando ya Thika Road, lakini Simba mwenyewe alikuwa hajanguruma. Hatukuweza kumpangia mtoto safari juu ya rangi ya lami.

Kuhamia karibu na chuo ndilo jambo lililotutesa, na tulilibishania kwa wiki mbili. Hosteli za chuo ni za bei nafuu, lakini vitanda ni vichache kuliko wanafunzi, na siku ya kujiandikisha mtandaoni nafasi huisha kabla chai haijapoa. Hosteli ya watu binafsi upande wa Ngara walitutajia shilingi 7,500 kwa mwezi, kitanda kimoja katika chumba cha watu wanne, bila chakula. Nauli yake yote, nikijumlisha asubuhi, jioni na siku za mvua, ilikuwa kama shilingi 3,400 kwa mwezi. Kwa pesa, nyumbani kulishinda kwa mbali, na HELB yake, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, ilikuwa haijaingia. Kwa saa, hosteli ilishinda: barabarani alikuwa anamaliza karibu saa tatu na nusu kwa siku, zaidi ya saa 65 kwa mwezi. Hiyo ni kama wiki moja na nusu ya mtu wa ofisini.

Nilimuuliza yeye mwenyewe, maana sisi wazazi hupenda kuhesabu tukamsahau anayehesabiwa. Alisema: "Anti, nikiwa hosteli nitalala zaidi. Lakini nitakula mandazi na soda. Hapa nakula ugali." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Na kule sitakuwa na mtu wa kuniuliza nimefika saa ngapi." Nililiandika hilo pia, ingawa sikujua niliweke upande wa faida au wa hasara.

Kulikuwa na njia ya tatu, isiyoandikwa popote, ambayo wanafunzi wenyewe wanaijua vizuri. Mwenye kitanda halali hosteli humkaribisha rafiki asiye na kitanda, wakalala wawili kwenye deka moja nyembamba, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Mgeni huyo wanamwita paireti. Ni kinyume cha kanuni na akikamatwa mwenyeji ndiye anayeitwa ofisini. Sikumruhusu. Najua pia kwamba Jumatano mbili au tatu alilala kwa rafiki, na sikuuliza ni rafiki yupi.

Jumatano ndiyo ilikuwa sababu. Kipindi kikiisha saa moja jioni, treni za kurudi zimeshaondoka, na inabaki matatu. Nauli ya jioni ni ya jioni. Ikinyesha, konda anatazama juu kwanza kisha anakutajia bei. Usiku mmoja alilipa 150 kwa safari ya 50. Hilo si kubwa. Kubwa ni kuteremka peke yake kuelekea upande wa Tom Mboya saa moja na nusu, kusukumana mlangoni, mikono isiyojulikana ni ya nani. Novemba 2014 wanawake waliandamana katika jiji hili baada ya wenzao kuvuliwa nguo steji hadharani, na sheria ikatungwa mwishoni mwa mwaka huo kumfunga anayefanya hivyo. Sheria ipo, na giza lipo vilevile. Walichofanya wao wenyewe kilikuwa na akili kuliko ushauri wangu: waliunda kikundi cha WhatsApp cha wanaoelekea Thika Road, wasichana saba na wavulana wanne, wanangojeana langoni, wanatembea pamoja, wanajaza sehemu kubwa ya gari la viti 14 kwa mkupuo. Faida moja ambayo hawakuipanga: gari linaloingiwa na watu kumi na mmoja kwa pamoja huondoka papo hapo, na konda hukubali kushuka bei. Jioni zake zikatengemaa kuliko asubuhi.

Sasa nije kwenye jambo lililonikera kwa kuchelewa kuliona. Tulikuwa tumeshahangaika na magari kwa mwezi na nusu kabla ya mtu yeyote kumuuliza mwalimu. Kiongozi wa darasa ndiye aliyepita na karatasi akiuliza kila mtu anatoka wapi: Rongai, Kitengela, Kayole, Kinoo, Ruai, Githurai, tena Githurai. Walioishi mahali pa kutembea hadi darasani hawakufika thuluthi. Wakaomba kipindi kisogezwe saa tatu. Haikuwezekana, chumba kilikuwa na darasa jingine. Lakini mwalimu, ambaye naye kumbe hutoka Juja alfajiri ili asikwame, alikubali jambo moja: karatasi ya majina ipitishwe mwisho wa kipindi, si mwanzo, na mlango usifungwe kabla ya saa mbili na dakika ishirini. Haikugharimu shilingi wala lita ya petroli. Kwa kipimo hicho kipya, mara mbili kati ya zile nne za mwanzo zingehesabiwa kuwa alikuwepo. Sikumsomea hilo. Lingemuumiza bure.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa Machi mpango ulikuwa huu, na ulikaa: Jumanne na Alhamisi treni, bila mjadala. Jumatatu na Ijumaa matatu ya saa mbili na nusu, akishuka Ngara. Jumatano jioni kundi. Daftari likaanza kuchosha, na hiyo ni dalili nzuri kwa daftari. Hakukosa tena kipindi hata kimoja cha lile somo. Idadi ilisimama palepale kwenye tano.

Halafu mvua.

Masika ya 2024 kila aliyekuwa Nairobi anayakumbuka. Vipindi vilikuwa vimekwisha na wiki ya kwanza ya mitihani ilianza Jumatatu, Aprili 22. Mtihani wa lile somo uliwekwa Alhamisi, Aprili 25, saa mbili asubuhi. Jumatano treni za abiria za jijini zikasimamishwa kwa sababu ya mafuriko. Kitu kimoja tulichokuwa tumekishika kwa mkono, tulichokuwa tumejengea mpango mzima kwa sababu hakibadiliki, kiliondolewa saa chache kabla ya kuhitajika.

Jioni hiyo tulikaa mezani na daftari. Nilitaka alale mjini. Nikasema hata huyo rafiki nisiyemjua, mpigie. Akampigia, chumba kilikuwa kimevuja na watu sita walikuwa wamelala sakafuni mwa jirani. Gari la kuitwa kwa simu tulitazama bei, tukaizima simu. Baba yake akapiga kutoka Murang'a kuuliza kama atume pesa, na safari hii nikamwambia atume.

"Anti," binti akasema, akigeuza kurasa nyuma hadi Februari, "angalia hapa. Gari likiondoka kabla ya saa kumi na moja na nusu halijawahi kukwama Pangani. Hata siku ya mvua." Ilikuwa kweli. Zilikuwa siku mbili tu, na siku mbili hazithibitishi kitu, ningemwambia mteja wangu hivyo. Yeye sikumwambia. Tuliweka simu mbili ziite saa kumi kamili, yake na yangu.

Kwa mwandiko wake, ukurasa wa mwisho ulioandikwa unasema: "Alhamisi. Treni hakuna. Boda hadi steji, Anti amenisindikiza nyuma yangu, tumelowa. Matatu 150. Imeondoka saa kumi na moja na dakika ishirini, hakukuwa na watu wa kukodi, wote walikuwa na mabegi. Pangani maji mpaka kwenye ngazi ya gari. Ngara saa kumi na mbili na dakika tano. Nimevuka Globe viatu vikiwa mkononi. Langoni saa kumi na mbili na nusu. Askari amesema bado hawajafungua vyumba, akanipa kiti chake."